Mdaiwa yuko Eldoret, mimi niko Mombasa: kesi nafungua wapi?

Ndugu yangu, umesema uko Mombasa, umemuuzia mtu wa Eldoret vipuri vya trekta vya shilingi 640,000, mzigo kapokea na sasa hashiki simu. Jirani amekwambia huna budi umfuate hukohuko. Anachosema kipo, ila hajakwambia yote. Mimi nina karakana ya vitanda hapa Mombasa na jambo hili limenipata mara mbili.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai ya Kenya, Sura ya 21, kinakuruhusu kushtaki anapoishi mdaiwa, anapofanyia biashara, au pale chanzo cha madai (yaani jambo linalokupa haki ya kushtaki) kilipozuka, chote au sehemu yake. Hiyo "sehemu yake" ndiyo mlango wako. Kwa mikataba, sheria inataja mahali patatu: mkataba ulipofungwa, ulipotakiwa kutekelezwa au ulipokamilishwa, na pale pesa zinazodaiwa zilipopasa kulipwa. Mahali pamoja tu kati ya hapo patatu panatosha.

Mara ya kwanza nilimdai mwenye nyumba ya wageni Nakuru. Bei tulipatana kwake, vitanda nilivishusha kwake, na makubaliano yalikuwa alipe taslimu palepale baada ya kuvikagua. Nikafungua kesi Mombasa kwa sababu wakili wangu yuko Mombasa. Wakili wao akaleta pingamizi la awali, yaani hoja ya kupinga kesi kabla haijasikilizwa, na sikuwa na la kujibu, maana hakuna hata kitu kimoja kilichofanyika huku. Tukaomba kesi ihamishiwe Nakuru, tukasomewa Kagenyi dhidi ya Musirambo, uamuzi wa Uganda wa mwaka 1968 ambao mahakama zetu zinaufuata mpaka leo: kesi iliyofunguliwa mahakama isiyo na mamlaka haihamishiki. Nikaiondoa, nikalipa gharama zao, nikaanza upya Nakuru. Safari zile za basi usiku kucha, na faili limelala mapajani, nazikumbuka kwa uchungu.

Baada ya hapo nikabadilisha invoisi. Chini kabisa, juu ya mahali pa sahihi, nikachapisha: "Malipo yote yafanyike ofisini kwetu Mombasa." Kisa cha pili kilikuwa na mteja wa Kisumu. Naye alileta pingamizi, kwamba mzigo ulishushwa Kisumu na yeye ni mkazi wa Kisumu. Hakimu akaomba invoisi, akaigeuza nyuma na mbele, akaweka kidole kwenye mstari ule, chini yake sahihi ya mteja na muhuri wa stoo yake. Pingamizi likaanguka siku hiyohiyo.

Basi kusanya karatasi zako zote: oda, invoisi, karatasi ya kupokelea mzigo, hata jumbe za WhatsApp mlizopatana bei. Katika hati ya madai wakili aandike waziwazi ni kipi kilifanyika Mombasa, asiiache mahakama ibahatishe. Mkataba ukitaja mahakama ya kuamulia, usome vizuri, lakini jua kwamba maandishi yenu hayaipi mamlaka mahakama isiyokuwa nayo. Na mdaiwa akinyamaza mwanzoni, kifungu cha 16 kinambana asije kulalamikia mahali hapo kwenye rufaa; hata akipinga mapema, kwenye rufaa lazima pia haki iwe imepotea kwa sababu hiyo.

Deni lako halifiki shilingi milioni 1, kwa hiyo nenda Mahakama ya Madai Madogo. Unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Jambo moja watu hulisahau: mali ya kukamata iko Eldoret. Ukishinda Mombasa, utaomba hukumu ipelekwe mahakama ya kule ikatekelezwe, na hilo lina gharama yake. Kama ushahidi wako wa Mombasa ni mwembamba, mimi ningefungua Eldoret tangu mwanzo.

Itoe ile invoisi uisome mpaka mstari wa mwisho, kisha uniandikie hapa imesema alipe wapi.