Maswali ya wasomaji: Kigoma hadi Dar, watoto wakiwa garini

Swali: Habari za kazi. Desemba tunakwenda Dar na gari letu, Noah: mimi, mume wangu na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi tisa. Mume wangu anataka tutoke saa tisa usiku, tulale Dodoma, kesho yake tuwe tumefika. Mimi naona ni kuwatesa watoto. Mnasemaje?
*Mama wa wawili, Mwanga, Kigoma*

Jibu: Tuko upande wako, dada. Njia ya Uvinza, Tabora, Manyoni, Dodoma na Morogoro inazidi kilomita 1,200, na Kigoma hadi Dodoma peke yake ni kama 800. Ukijumlisha matuta, vibao vya 50 vijijini na trafiki, gari lenye watoto lipigiwe hesabu ya kilomita 55 kwa saa. Hapo ni saa 14 na nusu za kutembea tu; pamoja na vituo zinafika 17. Mkitoka saa tisa usiku, mnaingia Dodoma saa mbili usiku, dereva ni yule yule, na safari imeanza gizani ikaishia gizani. Usiku ndipo lori bovu linapoachwa barabarani na matawi ya miti tu nyuma yake, na ndipo mnapokutana na ng'ombe na baiskeli zisizo na taa.

Gaweni siku tatu. Siku ya kwanza mlale Tabora, kama kilomita 400. Ondokeni saa moja asubuhi kukishapambazuka. Simameni kila baada ya saa mbili kwa dakika 20 hadi 30: Uvinza, Nguruka, Kaliua au Urambo kuna watu, kivuli na mahali pa kununua kitu. Hata mdogo akiwa amelala, mtoeni kwenye kiti, mlazeni kwenye khanga ajinyooshe. Anyonyeshwe gari likiwa limesimama, kamwe lisiwe linatembea. Siku ya pili ni Tabora hadi Dodoma kupitia Itigi, nayo ni kama 400. Jazeni tangi Tabora, kwa sababu kuelekea Itigi ni msitu mrefu wenye makazi machache. Siku ya tatu ni kilomita 450 hadi Dar, lakini mkiona watoto wamechoka, laleni Morogoro, ambako ni 260 tu kutoka Dodoma. Kwa kuwa Desemba ni mvua, jioni moja kabla ya kuondoka nendeni stendi mkawaulize madereva wa mabasi waliofika siku hiyo barabara ikoje.

Chakula cha mdogo kina saa zake. Suuzeni chupa ya chai kwa maji yanayochemka, mimina uji ukiwa wa moto kabisa, na uishe kabla ya saa nne asubuhi. Uliobaki kikombeni mwageni. Uji vuguvugu uliokaa hadi mchana ndio unaoleta kuhara. Baada ya hapo apewe vitu vyenye ganda vinavyofunguliwa papo hapo: ndizi mbivu, parachichi, yai la kuchemsha lisilomenywa. Chukueni maji ya kunywa lita sita kwa siku na dumu la lita tano la kunawia, lenye sabuni. Kila mkienda kuchimba dawa au kubadilisha pampasi, mikono inawiwe.

Kwenye mkoba wa dawa wekeni kadi za kliniki, kipimajoto, pakiti nne za ORS na dawa ya maji ya paracetamol. Pakiti ya ORS ya lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji safi, si kwa kukisia kikombe, na ikipita siku moja imwagwe. Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kwa kijiko, taratibu. Paracetamol ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto: wa kilo 8 anapata 120, ambayo kwa dawa nyingi ni kijiko cha mililita 5, lakini someni chupa yenu kwanza. Dozi ipite saa sita ndipo irudiwe. Homa ikitokea njiani, msiishie kuituliza. Ingieni kituo cha afya cha karibu apimwe malaria siku hiyo hiyo. Na chandarua chenu chenye dawa kisibaki nyumbani. Cha gesti mara nyingi kina matundu.

Swali: Binti yangu ana miaka sita. Gari likitoka tu Kigoma, kabla ya Uvinza ameshatapika. Nimpe dawa gani?
*Baba, Ujiji*

Jibu: Kaka, kabla ya dawa, angalia gari limebeba nini. Watu wa huku hatuendi Dar mikono mitupu. Nyuma kuna dumu la mawese, gunia la dagaa na migebuka iliyokaushwa, na kwenye gari kama Noah buti na abiria wanavuta hewa moja. Harufu hiyo, pamoja na joto, inamtapisha hata mtu mzima. Dagaa wafungwe mifuko miwili ya nailoni, kisha waingie ndoo yenye mfuniko unaobana. Mfuniko wa dumu la mawese uzungushiwe nailoni kabla ya kukazwa.

Chanzo chenyewe ni kutopatana kwa sikio na jicho: sikio la ndani linasikia gari linayumba, jicho lililo kwenye simu linaona kitu kimetulia. Kwa hiyo simu na vitabu viwekwe pembeni. Akae mahali anapoona mbele kupitia kioo cha dereva, na dirisha lifunguliwe kidogo. Saa moja kabla ya safari ale kidogo tu na kikavu, kama mkate mtupu au muhogo wa kuchemsha. Asinywe maziwa wala chai ya maziwa, na chapati za mafuta zisubiri. Asipande na njaa pia, kwani tumbo tupu nalo linatapika. Akianza kupiga miayo, kutokwa jasho na mate kujaa mdomoni, mna dakika chache: simameni, ashuke, atembee.

Hayo yakishindikana, mwone mfamasia ukiwa na uzito wa mtoto. Dawa za kuzuia kutapika garini hunywewa kabla ya safari, kwa sababu akishaanza kutapika haikai tumboni. Promethazine, mojawapo ya dawa hizo, haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili. Inaweza kumdhoofisha pumzi.

Swali: Shikamooni. Mama mkwe anasema kiti cha mtoto ni mambo ya kizungu, kumpakata ndiyo salama. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?
*Mama wa miezi kumi, Ipuli, Tabora*

Jibu: Marahaba. Mpe hesabu, si mabishano. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, mtoto anavutwa mbele kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wake mara 20. Wa kilo 9 anakuwa na kilo 180, karibu magunia mawili ya mahindi, na hakuna mikono ya bibi inayoyashika. Kumfunga pamoja na aliyempakata kwa mkanda mmoja ni kubaya zaidi: mwili wa mkubwa unambana mtoto kwenye mkanda.

Mtoto wa umri huo kiti chake kitazame nyuma, kiwe siti ya nyuma ya gari. Kisiwekwe kamwe mbele penye erbegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Kifunge kwa mkanda wa gari, kandamiza kwa goti huku ukivuta mkanda, kisha kitikise pale mkanda unapopita: kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, rudia. Mikanda ya mabegani ukiweza kuifinya ikakunjika, bado imelegea. Kiti cha mtumba kikaguliwe nyufa na kisomwe mwisho wa matumizi uliochapishwa kwenye plastiki. Kilichowahi kupata ajali kisinunuliwe. Bibi akae kando yake amwimbie.

Swali: Ndorobo (mbung'o) wanaingia garini msituni upande wa Tabora. Dawa ya kupaka inasaidia?
*Msomaji, Urambo*

Jibu: Kidogo sana. Ndorobo hufuata kitu kinachotembea na rangi nyeusi au buluu iliyokolea, na sindano yake inapita nguo nyepesi. Wavalisheni watoto nguo nene kidogo za rangi ya udongo, fungeni vioo, na msichimbe dawa katikati ya msitu, subirini kijijini.

Swali: Tukipita Tabora huwa tunanunua asali. Wa miezi minane naweza kumlambisha kidogo?
*Mama, Kasulu*

Jibu: Hapana, hata kwenye ncha ya kidole, hata kwenye uji. Asali, iwe mbichi au iliyochemshwa, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto asiyetimiza mwaka hauwezi kuvizuia. Huota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi pumzi. Dalili za mwanzo ni kufunga choo, kilio dhaifu na kunyonya kwa kulegea. Ukiziona, nenda hospitali. Akitimiza mwaka, alambe.