Wiski ya Ayalandi ya bei nafuu: usiihukumu kabla chupa haijafika nusu

Fundo la kwanza la wiski ya Ayalandi ya kuchanganywa karibu kila mara hupendeza. Ni laini, ina vanila kidogo, ina asali kidogo, haichomi koo. Ndiyo maana nimeacha kununua chupa kwa kuonja toti moja baa. Wiski ya kuwekwa kabatini naipima kwa swali jingine: ikifika nusu, bado nina hamu ya kuimimina, au naiachia wageni?

Kwanza, kuchanganywa si kuchakachuliwa. Humo ndani zimekutana wiski mbili au tatu halali. Moja ni nyepesi, aghalabu ya mahindi, iliyopikwa kwenye mtambo mrefu wa minara ambao Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru Dublin, aliupatia hataza mwaka 1830. Wenye viwanda wakubwa wa Dublin waliudharau mtambo huo. Waskoti wakauchukua, na sote tunajua nani aliuza zaidi baadaye. Nyingine ni nzito, ya vyungu vya shaba, iliyotengenezwa kwa kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, pamoja na shayiri mbichi. Shayiri mbichi ilishika kasi kwa sababu ya kodi: kimea kilipotozwa ushuru mwaka 1785, wapishi wakatafuta njia ya kukipunguza. Sisi tunaokunywa leo tumefaidi, kwa sababu shayiri hiyo ndiyo inayoleta ule mguso wa mafuta ulimini na ukali wa viungo. Katika chupa ya bei nafuu, hicho ndicho ninachokitafuta. Kikikosekana, unabaki na utamu wa mahindi, nao huchosha haraka.

Usishawishike na rangi, maana sheria inaruhusu kuongeza karameli. Wala maneno "imekenekwa mara tatu" (triple distilled) hayakuambii kama ni nzuri. Yanakuambia tu kuwa huenda ni nyepesi. Kuhusu umri, kisheria lazima ikae kwenye mapipa ya mbao kisiwani Ayalandi kwa miaka 3 angalau, na chupa nyingi za bei hii haziandiki zaidi ya hapo. Kinachofaa kusomwa ni asilimia ya kileo. Nyingi zina 40, kiwango cha chini kinachokubalika.

Kuonja kwenyewe hakuhitaji mbwembwe. Mimina kidogo bila barafu, iache dakika chache, unuse mdomo ukiwa wazi kidogo. Harufu ya rangi ya kucha ikikupiga puani na isiondoke, hiyo si ya kunywa kavu, yaani bila kuchanganya. Kisha tia maji, kijiko kimoja cha chai. Hapa ndipo nyingi hujianika: wiski yenye mwili hufunguka, matunda na viungo vikajitokeza, ilhali nyepesi hugeuka maji matamu. Mwisho ipeleke kwenye soda ya tangawizi. Kwangu Nairobi ni Stoney, nayo ni kali kuliko soda za tangawizi za Ulaya, kwa hiyo naweka kiasi kimoja cha wiski kwa viwili vya soda. Ukisikia tangawizi peke yake, umepoteza wiski.

Jameson, au Jamo kama tunavyoiita huku, hupikwa Midleton, kaunti ya Cork, na huchanganya wiski ya chungu na ya nafaka, ile nyepesi. Ni chaguo la salama, linapatikana kila duka, na mimi huipenda zaidi ikiwa na soda kuliko kavu. Tullamore D.E.W. huongeza wiski ya kimea kuwa ya tatu. Kwa ulimi wangu ina ladha ya tofaa inayokubali barafu vizuri. Bushmills Original, ya kaskazini kule Antrim, huchanganya kimea na nafaka bila shayiri mbichi. Anayekunywa kavu, polepole, bila kutaka viungo, aanze na hiyo. Yangu ni Powers Gold Label. Ina asilimia 43.2, ina pilipili, na hata Stoney haiwezi kuizima. Tatizo ni kuipata. Mara nyingi huwa namwagiza mtu anayepitia uwanja wa ndege.

Ukiagiza hivyo, linganisha bei kwa mililita. Chupa ya Ulaya huwa na 700, ya huku 750, na ya uwanja wa ndege mara nyingi ni lita nzima. Ukinunua hapa Kenya, chunguza kizibo kama kimeguswa, kisha skani stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa programu ya Soma Label kabla hujalipa. Muuzaji akinuna, rudisha chupa kwenye rafu.

Nyumbani isimamishe wima, kwa sababu kileo hiki kikali hula kizibo cha gome. Ikibaki robo, usiiweke mwaka mzima: hewa iliyomo ndani huipunguzia harufu.