Anayetega awe na jibu mkononi

Mmeuliza wiki hii kama tamthilia za mafumbo za televisheni zinaweza kutoa majibu na miisho inayoridhisha. Zinaweza, na zipo zilizofanya hivyo. (Nitafichua miisho, ambaye hajamaliza Broadchurch au Dark asisome zaidi.)

Kitendawili kina sharti moja: anayetega analo jibu tayari. Tukishindwa tunampa mji, naye anafumbua. Televisheni ililivuruga sharti hilo kwa sababu za biashara. Kituo hununua swali kwanza, bila kujua kitalihitaji kwa miaka mingapi. Mwandishi akifumbua mapema, kazi imekwisha. Asipofumbua, inabidi ajaze saa.

Lost, tamthilia ya Marekani ya watu walioanguka na ndege kisiwani, ilionyesha ugonjwa huo na dawa yake. Ilianza mwaka 2004, na kufikia msimu wa tatu sehemu nzima ilikuwa inaeleza michoro ya mwilini mwa Jack, mhusika mkuu, jambo ambalo hakuna aliyeliulizia. Mei 2007 watunzi na kituo cha ABC wakatangaza kwamba hadithi itaisha mwaka 2010, baada ya sehemu 48 zaidi. Kasi ikabadilika papo hapo, kwa kuwa sasa iliwezekana kuhesabu kurudi nyuma. Ila vidokezo vya misimu ya mwanzo vilikwisha kumwagwa, na vingi havikuzoleka.

Twin Peaks ilipata balaa la upande wa pili. Kituo kilishinikiza muuaji wa Laura Palmer, msichana ambaye kifo chake ndicho fumbo la tamthilia hiyo, atajwe, naye akaonyeshwa Novemba 1990, katika sehemu ya saba ya msimu wa pili. Sehemu mbili baadaye muuaji amekufa, na msimu una sehemu 13 zaidi zisizo na uti wa mgongo. Jibu lenyewe lilikuwa zuri sana. Kilichokosekana ni swali la pili lililokomaa kiasi cha kuibeba hadithi.

Kwangu mimi jibu linaridhisha linapobadilisha maana ya yale tuliyokwisha kuyaona. Kutajiwa jina tu hakutoshi. Msimu wa kwanza wa Broadchurch, wa mwaka 2013, una sehemu nane tu. Kabla ya mwisho, mpelelezi Ellie Miller anamkabili mwanamke ambaye mumewe alitenda uovu ndani ya nyumba yao, anamuuliza iliwezekanaje asijue. Kisha muuaji anageuka kuwa mume wa Ellie mwenyewe, na lile swali linamrudia. Angalia pia ratiba: muuaji anajulikana mapema katika sehemu ya nane, na muda uliobaki ni wa majeraha. Waandishi wengi huweka ufumbuzi katika dakika tano za mwisho, kwa hotuba ya muuaji, halafu wanashangaa kwa nini watu wanaondoka na njaa.

Swali la "nani" ndilo jepesi, ingawa nalo hupotezwa. Toleo la Marekani la The Killing lilitangazwa kwa mabango yaliyouliza nani kamuua Rosie Larsen, na mwaka 2011 msimu wa kwanza ukaisha baada ya sehemu 13 bila kumtaja. Watazamaji walikasirika, na walikuwa na haki.

Gumu ni swali la "dunia hii ni ya namna gani", maana jibu lolote linalotamkwa huwa dogo kuliko hofu iliyolitangulia. Dark ya Ujerumani, hadithi ya mji ambao watu wake husafiri katika wakati, ililiweza katika misimu mitatu, sehemu 26. Mzizi wa vurugu zote za wakati ni huzuni ya mtengeneza saa Tannhaus aliyefiwa na mwanawe, mzee ambaye tangu msimu wa kwanza tulimwona dukani kwake tukadhani ni wa kuelezea nadharia tu. Hata mkuu wa polisi Charlotte kutowajua wazazi wake, jambo lililopita kimya mwanzoni, kulikuwa sehemu ya hesabu. Ukipenda, rudia sehemu tano za kwanza ukiwa unajua mwisho: kidokezo halali hunenepa, cha kubahatisha hupwaya.

Njia nyingine ni kukataa kujibu, lakini ikataliwe mapema. The Leftovers huanza na asilimia 2 ya watu duniani kutoweka, na haisemi kamwe kwa nini. Kufikia msimu wa pili, wimbo wa ufunguzi unamwambia mtazamaji aliache fumbo kama lilivyo. Mwishoni Nora, mwanamke ambaye familia yake ilitoweka, anasimulia kwamba aliwafuata huko walikokwenda, na kamera haituonyeshi huko hata mara moja. Kumwamini au kutomwamini ndilo swali pekee lililobaki, na ndilo hadithi ilikuwa ikilipika kwa sehemu 28.

Kosa jipya linalonitia wasiwasi ni la waandishi kubadilisha muuaji kwa sababu watazamaji wamemkisia mtandaoni. Vidokezo vya zamani vinabaki vikimwelekea mtu wa kwanza, na fumbo lililokuwa na jibu linabaki bila jibu. Lakini muuaji kujulikana hakuui hadithi: tamthilia ya mpelelezi Columbo ilimwonyesha muuaji karibu kila mara mwanzoni kabisa, na watu wakakaa hadi mwisho kuona kosa lake lilikuwa lipi.