Mkulima wa Magu, usilipie huo mpunga wa chanjo

Usilipe. Umeandika hapa kwenye uzi kwamba Jumamosi unampelekea dalali milioni mbili za mbegu za "mpunga wenye chanjo ya kipindupindu", halafu unatuuliza kama utavumilia majaruba ya Magu, kilo itauzwa bei gani, na kama bora uingie na kikundi au peke yako. Nimeshindwa kukaa kimya. Maneno ya huyo mtu nayajua hadi mpangilio wake: kwanza ugonjwa unaotutisha sote, kisha zao la kisasa, kisha nafasi zimebaki chache. Mimi yalinikuta Misungwi. Kwangu ilikuwa tumbaku ya dawa ya Ebola.

Mwaka 2014, Ebola ilipochachamaa Afrika Magharibi, habari za dawa ya majaribio iitwayo ZMapp zilikuwa kila redio, na zilikuwa za kweli. Ni kingamwili tatu, yaani protini za kupambana na virusi, zilizotengenezwa ndani ya majani ya mmea wa jamii ya tumbaku huko Owensboro, Kentucky, Marekani. Walipewa Wamarekani wawili walioambukizwa Liberia na wagonjwa wengine wachache, na Agosti akiba ikaisha. Hapo ndipo yule bwana alipopata mlango. Alikuja na picha kwenye simu, akasema dawa imekwisha kwa sababu majani hayatoshi, na Wamarekani wanatafuta wakulima Kanda ya Ziwa. Mkulima mwenye ekari zake ukiambiwa hivyo unaona riziki imekufuata nyumbani.

Hela niliyompa iliniuma, lakini hela hutafutwa. Kilichonimaliza ni mihogo. Alidai shamba liwe tupu kabisa ili zao lingine "lisichafue dawa". Nikang'oa. Ilikuwa aina ya Mkombozi, pingili safi nilizozihangaikia wakati magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yameshafagia mihogo ya majirani. Chini ilikuwa bado vidole tu, hata kumenya huwezi. Mama alipita kwenye matuta akiokota mashina, akayafunga mizigo akayaegesha chini ya mwembe. Nikamwambia, mama achana nayo, tutanunua mengine. Yakakauka pale pale. Msimu uliofuata nilikwenda kuomba pingili kwa watu ambao mimi ndiye niliyewapa mbegu. Walinipa, Mungu awabariki, lakini mwaka ule nyumba yangu ilikula unga wa kununua kuanzia kiangazi mpaka mvua.

Tumbaku yenyewe ilipotoa maua, bwana shamba wa kata akapita. Aliwahi kufanya kazi Urambo. Akachuma ua moja, la rangi ya waridi, akaliangalia, akaniuliza, "Bani lako liko wapi?" yaani banda la kukaushia tumbaku. Ilikuwa tumbaku ya kuvuta. Mmea wa ZMapp ni mwingine, Nicotiana benthamiana, asili yake Australia, mfupi, maua yake meupe. Na hiyo ya kuvuta huuzi kiholela: unasajiliwa, unapitia chama cha msingi, unakuwa na mkataba. Yule bwana simu ikawa haipatikani. Nina hasira naye mpaka leo kwa sababu alikuwa msomi. Alitaja bakteria kwa majina, alijua kabisa dawa ile inavyotengenezwa, na alijua haihitaji shamba la mtu.

Maana inatengenezwa hivi. Mbegu ya benthamiana haiwekwi dawa yoyote. Mmea unakuzwa kwenye kitalu nyumba, kisha unageuzwa kichwa chini na majani yanazamishwa kwenye maji yenye bakteria wa Agrobacterium waliobebeshwa vinasaba vya kingamwili. Hewa inanyonywa, ikirudishwa yale maji yanapenya ndani ya jani. Siku chache baadaye jani limejaa protini, linavunwa na kusagwa. Kazi ngumu na ya gharama ndiyo inaanza hapo: kuchuja, kutenganisha na nikotini na takataka zote, mpaka kitu kiwe safi cha kuingia kwenye mshipa wa mgonjwa. Majani hayajawahi kuwa shida. Na mwaka 2019, majaribio ya Kongo yalionyesha dawa nyingine mbili, zisizotokana na mimea, zinaokoa watu wengi kuliko ZMapp, ikawekwa kando. Hata ningekuwa na benthamiana halisi, ningemuuzia nani?

Mpunga wako nao upo kweli. Ni wa Chuo Kikuu cha Tokyo, unaitwa MucoRice-CTB. Punje inabeba kipande cha sumu ya kipindupindu kisichodhuru, inasagwa, unga unachanganywa na maji na kunywewa, na hauhitaji friji. Ningefurahi sana ufike Ukerewe na kwenye mialo yetu yote. Lakini matokeo ya majaribio ya kwanza kwa watu yalitoka 2021 tu, na wanaulima ndani ya jengo lililofungwa, makusudi usichanganyike na mchele wa kula. Nebraska, Marekani, mwaka 2002, mahindi yaliyobeba chanjo ya nguruwe yaliota yenyewe katikati ya soya ya msimu uliofuata. Soya ya ghala zima ikateketezwa na kampuni ikapigwa faini ya dola 250,000. Wewe jaruba lako linapokea maji ya jirani na kuyapitisha kwa mwingine. Ungekuwa mpunga wa kweli, ungewaharibia wote. Na kwa sheria zetu mbegu za namna hiyo haziuzwi kwa mkulima: hata majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba huko Makutupora, Dodoma, serikali iliyasimamisha 2018.

Kwa hiyo acha kuuliza mbegu. Uliza kiwanda. Nani anachuja, wapi, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ni cha nani? Mpaka usimame mlangoni pa hicho kiwanda kwa miguu yako, usitoe shilingi wala kung'oa jani. Mtu wa mbegu atakujibu kila kitu kuhusu udongo, mbolea na mvua, kwa sababu hayo hata wewe unayajua. Kwenye kiwanda atakwama.

Muulize kesho, kabla ya Jumamosi, na jibu lake liandike hapa kwenye uzi neno kwa neno. Akikataa kujibu kwa simu, mwambie mkutane Magu mjini nami nije. Nauli ni juu yangu.