Maswali yenu kuhusu nyumba ya Stafford Terrace

Toka niandike juu ya Sambourne House, ile nyumba ya Kensington, London, iliyobaki na vitu vyake vya enzi za Malkia Victoria, maswali yamemiminika. Nimeokota haya.

Malkia Victoria alikaa humo miaka mingapi?

Hakukaa hata siku moja. Nyumba ya ki-Victoria ni ya enzi ya utawala wake, 1837 mpaka 1901, basi. Hili nimeshalijibu mara tatu, someni kwanza jamani. Waliokaa ni Edward Linley Sambourne, mchora katuni wa gazeti la Punch, na mkewe Marion, walihamia hapo namba 18, mtaa wa Stafford Terrace, mwaka 1875.

Mimi nipo London, nyumba za hivo ziko kibao, mtaa mzima zinafanana. Hii ina nini?

Kwa nje hamna kitu, ni nyumba ya safu, imebanana na wenzake. Na ndo uzito wake upo hapo! Majumba ya mabwanyenye yalipata wa kuyatunza, lakini hizi za watu wa kati kila anayehamia anang'oa, anapaka rangi, anatupa, mpaka unabaki ukuta wa nje tu. Ingia namba 18 sasa. Karatasi za ukutani za yule msanifu wa mapambo William Morris, vyombo vya kichina vya bluu na nyeupe, vioo vya rangi madirishani, picha zimebanana mpaka ukuta hauonekani, yaani ule mtindo wa Aesthetic, wa watu walioshika kwamba kitu cha kutumia nyumbani lazima kiwe kizuri, na humo unauona ukiwa kwenye maisha ya watu, sio kiti kimoja nyuma ya kamba. Mpaka bafu analosafishia picha zake lipo, manake Sambourne alikuwa anajipiga picha mwenyewe, na familia, na watumishi, wamepozi, alafu anachora kwa kuangalia zile picha.

Imesalimika vipi?

Ukaidi wa familia. Mzee alifariki 1910, Marion 1914, mtoto wao Roy akabaki humo mpaka 1946 na hakubadili mambo mengi. Ikaja kwa dada yake Roy, Maud, kisha kwa bintiye Maud, Anne, Countess wa Rosse, mjukuu wa mzee. Wakati huo vitu vya ki-Victoria vilionekana takataka, watu wanavunja bila hata kufikiria, na ni ndani ya nyumba hiyo Anne na wenzake walikaa kuongelea chama cha kuvitetea, Victorian Society, kikaanzishwa 1958. Hawakushinda kila mahali, lango la stesheni ya treni ya Euston, hapo hapo London, lilibomolewa miaka michache tu baadae pamoja na kelele zote. Nyumba ikauzwa kwa baraza la jiji 1980. Anayesubiri kitu cha kale kipendwe na wengi ndo aanze kukitunza atakuta kifusi.

Huyu Sambourne si ndo aliyemchora Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, ametanua miguu juu ya Afrika? Kwa nini unaisifia nyumba yake?

Ndo yeye. Punch ya Disemba 1892, mguu mmoja Cairo mwingine Cape, mikononi waya wa telegrafu aliotaka kuupitisha bara zima. Wengi mmeiona kwenye vitabu vya historia shuleni. Sijakuomba umpende ndugu yangu. Lakini kwetu ni katikati ya miguu ile, na mimi nataka kujua aliyeichora alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe gani, amekaa sebule gani iliyotulia namna ile wakati ardhi ya babu zetu inagawanywa kwenye makaratasi. Nyumba hiyo inanionesha. Ingevunjwa ningebaki na katuni tu.

Tumerithi nyumba ya bibi Mji Mkongwe, Zanzibar. Fundi anasema tubandue chokaa tupige simenti. Na kuna kabati la madaftari ya zamani, tutupe?

Usithubutu! Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, maji yakiingia yanatoka, ukiuziba na simenti unyevu unakwama ndani, chumvi inakula ukuta, boriti zinaoza kwenye ncha zake na hutaona mpaka dari ije chini. Matofali ya kale ya London nayo ni hivo hivo. Beit al Ajaib ya 1883, jumba la Sultani hapo hapo Mji Mkongwe, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 mchana kweupe, kwa hiyo usiniambie ukuta umesimama miaka mia hauwezi kuanguka. Tafuta fundi wa chokaa, pitia Mamlaka ya Mji Mkongwe upate kibali, piga picha kila chumba kabla nyundo haijagusa kitu. Madaftari weka pakavu. Maisha ya namba 18 tunayajua sana kwa sababu Marion aliandika shajara, nani kaja kula, nini kimenunuliwa, na hakuna aliyezichoma. Ya bibi yako soma ukurasa kwa ukurasa, ukikuta bei ya boriti au jina la fundi aliyejenga niandikie.