"Si" ya mutoto wangu iko ya luga gani?

Mama mumoja wa Katindo, hapa Goma, ananiuliza: "Nilirudi ku soko nikamuuliza mutoto, haujakula? Akajibu: si! Miye nikafikiri anasema hapana, nikamupakulia bugali, kumbe alishakula zamani. Ile si iko Kiswahili ao Kifaransa?"

Mama, iko Kifaransa. Mufaransa ukimuuliza "haujakula?" na yeye alishakula, hajibu oui, anajibu si, njo kusema unajidanganya, nimekula. Kwetu iko kinyume, ukiulizwa "haujakula?" ukajibu "ndiyo", unakubali maneno ya mwenye kuuliza: ndiyo, sijakula. Sasa mutoto anashinda ku masomo na Kifaransa, mangaribi anarudi ku Kiswahili cha mama, unafikiri atajibu na kipimo gani?

Na Kifaransa iko na si ingine tena, ile ya "kama": si tu viens, ukikuja. Sura moja lakini mama mbalimbali. Ya "kama" ilitoka ku si ya Kilatini, ya mutoto wako ilitoka ku sic, maana yake "hivyo", na ile sic njo ilizaa pia sí ya Kihispania na sì ya Kiitaliano, zenye ziko "ndiyo". Wachina wao usiwaguse, kwao si inaweza kuwa ine ao kufa, inategemea unapandisha ao unashusha sauti, njo maana wengi wao wanaogopa namba 4.

Si yetu inakana: "huyu si mwizi". Mu kartie wengi tunasema "haiko mwizi", lakini vuka tu Birere uingie Gisenyi, utasikia Kinyarwanda nayo inakana na si ileile: si byo, si hivyo. Lakini yenye inanifurahisha miye ni ile ya ulizo, juu pale inageuka kabisa. Motari akikuambia "si tulisema 2.000?", hakatai kitu, anadai! "Si nilikuambia?" njo nilikuambia na masikio yako ikasikia.

Kwa mutoto, mama, acha kumuuliza na kukana ndani. Muulize tu "umeshakula?" Akijibu si hata pale, uniandikie tena.