Pemba na kupatwa kwa jua Agosti 2027

Umeuliza kama jua litapatwa lote Pemba tarehe 2 Agosti 2027, kwa kuwa umeona kiza kamili kwenye Stellarium, programu ya kuonyesha anga. Hapana ndugu, Pemba halitapatwa lote, litamegwa upande tu. Kiza ulichokiona ni cha mahali pengine: njia yake inapita kusini mwa Hispania, Misri, Saudi Arabia, Yemen hadi ncha ya Somalia, na Luxor watakaa kizani zaidi ya dakika 6.

Kwenye Stellarium ya kompyuta bonyeza F6 uweke mahali ulipo, mfano Wete hapa Pemba, kisha F10 kwa mahesabu ya anga, ufungue ukurasa wa kupatwa na uchague orodha ya mahali ulipo, si ya dunia nzima. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Bonyeza mstari mara mbili, programu itakupeleka kwenye saa yenyewe.

Mimi niliijaribu kwa kurudi 7 Septemba 2025, ule usiku mwezi ulipopatwa wote. Ikatoa 20:30 hadi 21:52, yaani saa 2:30 mpaka saa 4 kasoro dakika 8 usiku, na ndio wakati ule ule tuliouona mwekundu tulipotoka kuswali swala ya kupatwa. Saa zake zinaaminika, ila mawingu haiyajui.

Mwezi utazame kwa macho matupu, hauna dhara. Jua usilitazame bila miwani maalumu ya kupatwa, yenye alama ISO 12312-2, hata likimegwa kidogo tu. Miwani ya kawaida ya jua haikingi, na kuliangalia ndani ya ndoo ya maji pia si salama, wakatazeni watoto.